Makaburi ya Uani

Daktari alituambia tumrudishe mama nyumbani, hakuna zaidi cha kufanya. Tukiwa bado kwenye korido ya hospitali mama akaniuliza, "Nyumbani kwa nani?"

Nilijua anachouliza. Mama yangu si Mmatengo. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, kijiji kimoja karibu na Nkhata Bay. Baba alimvusha akiwa binti, akampandisha Mbinga kwenye baridi na kahawa. Baba alipofariki tulimzika shambani, chini ya migomba, kama tunavyozika sisi, na baba zangu wadogo wakamwonyesha mama nafasi yake pembeni. Mama aliitazama nafasi ile akasema, "Nilimfuata akiwa hai. Maiti simfuati." Watu walidhani ni uchungu tu unamsemesha. Hakuwa anatania. Alitaka kufia kwao, na kwao hakukuwa tena na ndugu wala nyumba.

Basi nikaamua kumnunulia nyumba huko. Mimi, muuza vitenge sokoni Mbinga, ambaye hata kiwanja cha mjini sijawahi kununua, nikauza shamba la kahawa alilonirithisha baba. Baba zangu wadogo walinitolea maneno ambayo siwezi kuyarudia. Sikuwajali. Nilikuwa nashindana na ugonjwa, na ugonjwa hausubiri vikao vya ukoo.

Nilivuka kutokea Mbamba Bay kwenda kutafuta dalali. Wa kwanza alikuwa dada mmoja mwenye ofisi. Hakuniamkia, hakuuliza habari za nilikotoka, aliomba tu hati yangu ya kusafiria. Kwa Kiswahili cha kubabaisha akanieleza kwamba mgeni hanunui ardhi pale hivi hivi: kuna kibali cha serikali, kuna chifu wa eneo, kuna mwanasheria, na yote hayo ni miezi. Nikamwambia mama yangu hana hiyo miezi. Akasema pole, lakini njia ya mkato haijui. Nikatoka ninasonya hadi barabarani. Leo ningempigia magoti yule dada.

Wa pili nilielekezwa na muuza samaki. Mzee wa makamo, shati limepauka, viatu vimepigwa rangi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, Kiswahili kimenyooka kwa sababu aliwahi kufanya kazi Songea. Akauliza mvua za Mbinga, akauliza kahawa, akauliza mgonjwa anakula nini. Nusu saa nzima hajataja nyumba. Nikajisemea moyoni, huyu sasa ni mtu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati zima, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Ilikuwa imefungwa, alisema wapangaji wamesafiri. Akanizungusha nyuma, uani, na pale palikuwa na vilima vitatu vya udongo, virefu, vimezungushiwa mawe, kila kimoja na msalaba wa mti. Yule mzee akavua kofia. Akanitajia mmoja mmoja: babu wa mwenye nyumba, bibi yake, na mtoto aliyekufa kwa surua. Alipofika kwa mtoto sauti ikamkatika.

Kwetu Umatengoni ukigombania ardhi, kabla ya karatasi unaulizwa nani amelala pale. Anayeyajua makaburi ndiye mwenye shamba. Nimekua na jambo hilo kichwani kama nilivyokua na sala ya Baba Yetu. Kwa hiyo sikumuuliza chifu, sikubisha hodi hata kwa jirani. Nililia pamoja na yule mzee, nikampa alichotaka, akaniandikia karatasi yenye muhuri. Nikapiga picha nyumba na makaburi, nikarudi.

Mama sikumwambia kitu. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha kwelikweli, nilitaka nimshangaze. Nilimteremsha Mbamba Bay nikisema tunafuata joto, nikapanga chumba karibu na maji. Jioni moja kabla ya safari yetu nikampa simu aangalie. Nyumba aliitazama muda mrefu, akatabasamu, na ni zamani sana sikuwa nimeyaona meno yake. Picha iliyofuata akauliza vile ni nini. Nikasema makaburi ya wenye nyumba.

"Mwanangu," alisema, "kwetu hatuziki uani. Wafu wana msitu wao, mbali na nyumba, hata kuni hatukati humo. Nani amekwambia haya ni makaburi?"

Nilimpigia yule mzee. Simu haipatikani. Nikapiga tena, na tena, mpaka mama akaniambia niache.

Boti iliyofuata nilivuka peke yangu. Nilimkuta mwenye nyumba, mwalimu, mtu mpole. Siku ile niliyokuja mara ya kwanza yeye na familia yake walikuwa msibani. Hajawahi kuuza nyumba, na dalali wangu hamjui. Akanipeleka uani. Vile vilima vilikuwa matuta yake ya viazi vitamu, majani yameshatambaa. Alisema aliporudi msibani alikuta mawe na misalaba, akadhani watoto wamecheza, akavitupa. Nikatamani anitukane. Akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza polisi, wakaandika maelezo yangu na kuniambia nisubiri.

Nimeingizwa mjini, tena kijijini.

Mama nilimkuta ameketi mlangoni kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwenye maji, begi lake limefungwa. Nilimweleza yote nikilia kama mtoto. Nikamweleza na lile la shamba, ambalo nalo nilikuwa nimemficha: kwamba nimeuza, na aliyenunua ameshasema hakuna kaburi jipya litakalochimbwa mle. Ile nafasi aliyoikataa haipo tena.

Nilingoja matusi. Nilistahili. Mama akanigeukia.

"Na baba yako, umemwacha na nani?"

Bado tuko Mbamba Bay, chumba kilekile, na begi halijafunguliwa.