Mwaka Mmoja Chini ya Uangalizi

Nilisomea utabibu Kampala miaka mitatu kwa sababu huko ndiko mjomba wangu alikokubali kunipa chumba. Nikarudi Mwanza na stashahada na mimba. Nikaambiwa stashahada ya nje haitoshi, nifanye kazi mwaka mzima chini ya uangalizi wa daktari wa hapa, aniandikie ripoti nzuri, ndipo nisajiliwe. Sawa. Nikapata zahanati ya mtu binafsi Igogo, na mwenye zahanati ndiye daktari wa kuniangalia.

Kuniangalia kwenyewe kulikuwa hivi. Jumatatu asubuhi anafika ananukia marashi, ananiita "Mganda wangu" ingawa nimezaliwa hapahapa, kisha anasaini rundo la vyeti vya dawa vikiwa vitupu. Akimaliza anakwenda zake Busisi, ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba yake ya wageni, na mimi wiki nzima najaza ugonjwa na dawa juu ya sahihi yake. Mgonjwa akipona, sifa ni za daktari. Cheti cha rufaa tu ndicho hakuwahi kuniachia hata kimoja. Sababu alinieleza bila aibu: "Rufaa ni kumpelekea jirani mbuzi wako akamchinje yeye."

Nilikuwa nimebakiza wiki tatu, asubuhi moja, alipoingia mama wa rika langu na mtoto wa miezi saba, sawa na wangu niliyemwacha nyumbani. Utosi umebonyea, macho yamezama, analia bila machozi. Nikafungua mdomo wake. Fizi ya chini ilikuwa na vidonda viwili.

"Nani amemchokonoa?"

"Alikuwa anaharisha, dada. Wakasema ana meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha. Fundi akayang'oa, akanionyesha."

"Alikuonyesha fizi ya mwanao."

Maneno hayo hayakumsaidia mtu. Nilimfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Nikatafuta mshipa wa dripu mara tatu, mikononi na mguuni, nikakosa. Nikampigia daktari.

"Shikamoo. Kuna mtoto kakaukiwa maji, mshipa sipati. Nimpeleke hospitali kubwa."

"Usimpeleke popote. Nusu saa nimefika."

"Hana nusu saa."

"Mganda, nani anamwangalia mwenzake hapo?"

Nikakata simu. Nikaandika rufaa kwenye karatasi ya daftari, chini nikaweka jina langu na maneno "tabibu, hajasajiliwa", maana uongo ukigundulika ungemchelewesha getini. Nikamtafutia mama bodaboda, nikamwambia yule dereva akisimama njiani kuongea na mtu nitamtafuta.

Hospitali walimpokea. Walimwekea maji, akaishi.

Nusu saa ya daktari iliisha saa kumi na moja jioni. Alikuja na samaki kwenye mfuko, hakuuliza mtoto yuko wapi.

"Umenidhalilisha. Wenzangu wale wataniona sina uwezo."

"Wameshakuona, daktari."

Aliandika ripoti palepale, amesimama, kwa kalamu niliyomwazima mwenyewe. Mistari miwili: hafuati maelekezo, ana kiburi cha nje. Mwaka wangu ukaishia hapo. Nilimnyonyesha mwanangu usiku ule huku nikijiuliza nitamwambia nini baba yake, ambaye alikuwa ameshaanza kuwatangazia ndugu zake kwamba mkewe ni daktari. Naye pia zamu yake inakuja, ngoja tu.

Wiki iliyofuata nilipeleka ripoti ofisi ya usajili. Karani aliisoma mara mbili, nikamweleza ilivyokuwa, akanihurumia kwa namna ya watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka.

"Sasa dada, si ungemsubiri tu? Nusu saa ni nini, na wewe ulibakiza wiki tatu."

"Una watoto?"

"Wanne."

"Mkubwa wa kike?"

"Wa kike, ndiyo. Anataka awe nesi. Kwani vipi?"

"Mwambie asije kufanya kazi na mtu kama wewe. Nipe fomu ya kuanza upya."

Akaitoa kwenye droo, taratibu, akaisukuma juu ya meza bila kuniangalia. Nikaijaza hapohapo mbele yake.