Sauti Isiyo na Pumzi

Kabla watu hawajaanza kubeba dunia mfukoni, dunia ilikuwa inaletwa kwa Mawimbi ikiwa kwapani. Redio iliyokata kauli, redio inayokoroma, redio iliyoangukia ndoo ya maji, zote zilipita mezani kwake. Wenye redio hawakuziacha wakaenda zao. Walikaa kwenye benchi, wakasubiri, na wakiwa wanasubiri walibishana. Redio ikipona, taarifa ya habari ilisikilizwa hapo hapo, benchi zima kimya, kisha ubishi ukaanza upya. Jina alilopewa na wazazi lilimezwa na kazi. Hata marehemu mkewe alimwita Mawimbi.

Benchi bado lipo. Siku hizi linakaliwa na vumbi, na fundi cherehani wa mlango wa pili anapochoka kukanyaga mashine. Nusu ya duka amempangisha bwana mmoja mwenye kitambi anayeuza kava za simu, chaja na waya za masikioni. Watu wanamwita Bwana Kava. Wateja wake huja wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano, hununua, huondoka. Salamu hawana. Zamani mtu akiingia mahali bila salamu, wenyeji walijua amekuja kwa shari, wakasogeza viti nyuma. Leo ndiyo adabu yenyewe.

Mawimbi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli kubwa ya nchi ya mbali. Binti huyo ndiye aliyemtumia simu ya kugusa. Simu ilipofika, Bwana Kava alijaribu kuifunga kwa alama ya kidole, ili mwizi akiiokota isimfae. Wakabonyeza dole gumba, wakabonyeza shahada, wakamaliza mikono yote miwili. Simu ikagoma. Miaka ya kushika risasi ya moto, ile ya kuunganishia nyaya, ilikuwa imezilainisha ncha za vidole zikawa kama kokoto za mtoni.

"Mzee wangu, wewe huna alama," Bwana Kava alisema.

"Nilikuwa nazo. Zimebaki kwenye redio za watu."

Wakaweka namba. Lakini jambo lile lilimkaa rohoni. Aliishi mtaa ule tangu haujawa na lami, akawazika wazee wake na mkewe hapo, na sasa kitu cha kwanza alichopewa na mwanawe kilimgusa mkono kikasema hakimjui.

Kila Jumapili alasiri binti alipiga simu ya picha. Mawimbi hakuijali sana picha. Aliegemeza simu kwenye kopo la bisibisi, akafumba macho, akasikiliza. Sikio ndilo lililomlisha maisha yake yote. Akisikia mlio tu alijua kama ni waya umeachia au karatasi ya spika imechanika. Na sauti ya binti yule aliijua kuliko ya redio yoyote, kwa kuwa ilikulia dukani. Akiwa mdogo alikuwa akikaa juu ya kreti kwenye kona, kazi yake kusikiliza. Redio ikianza kusema, yeye alitangaza: "Kameamka." Benchi likacheka. Hakuna redio iliyotoka mle kabla mtoto hajasema neno lake. Hata wenye haraka walisubiri.

Miezi ya karibuni binti alikuwa anajifunga mtandio shingoni. Baridi, alisema. Kisha maongezi yakawa mafupi, kisha yakawa ujumbe wa maandishi: nimechoka baba, tutaongea. Mawimbi akaona ni yale yale. Watoto wa siku hizi hata "shikamoo" wanaiandika.

Asubuhi moja kipindi cha teknolojia kwenye redio yake, ambayo haikuzimwa tangu anafungua mlango hadi anafunga, kilisema wezi wamepata njia ya kuiba sauti. Wanachukua maneno machache uliyoyasema, mashine inayaiga, kisha inawapigia ndugu zako na kulia kwa sauti yako.

"Si niliwaambia?" fundi cherehani alisema kutoka kwenye benchi. "Haya madude yanasikia. Juzi nimemwambia mke wangu nataka uzi wa buluu. Kufungua simu tu, inanionyesha nyuzi."

"Ulitafuta mwenyewe ukasahau," Bwana Kava alisema.

"Nitafute uzi kwenye simu, mimi mwenye kabati zima la uzi?"

Tangu siku ile fundi cherehani aliishonea simu yake mfuko wa kitambaa kizito chenye vifungo, na kila alipotaka kusema jambo la nyumbani aliitia humo kwanza.

"Imevaa kuliko mwenyewe," Bwana Kava alimwambia Mawimbi.

"Cheka," fundi cherehani alisema. "Wewe neno lako la siri ni jina la mkeo, na mkeo mtaa mzima unamjua."

Mawimbi hakucheka. "Kosa ni lenu," alisema. "Zamani mtu alibisha hodi. Hodi ndiyo ilikuwa kufuli. Unaisikia sauti, unajua ni nani, unajua kaja na nini, hata mkono hujaupeleka kwenye komeo. Mmeing'oa hodi, sasa mnahangaika na vidole na macho na namba. Lakini mimi hawanipati. Mashine haina mapafu. Hata ijigeuze vipi, pale pa kuvuta pumzi pana shimo."

"Hata hivyo, wekeaneni swali na binti yako," Bwana Kava alisema. "Jambo mnalolijua wawili tu."

Mawimbi aliahidi kumwambia Jumapili. Jumapili ikaja, ukaja ujumbe: nimechoka baba.

Katikati ya juma simu ikalia, namba ngeni. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi, Bwana Kava akibandika kioo kwenye simu ya mteja.

"Baba," sauti ilisema. "Ni mimi. Simu yangu imeingia kwenye mashine ya kufulia, hii ni ya mwenzangu wa chumbani. Nina jambo la kukwambia, tafadhali usikate."

Mawimbi akafumba macho. Sauti ilikuwa ya binti yake, na haikuwa. Ilikuwa na mikwaruzo. Na kati ya neno na neno palikuwa na mashimo, sauti ikikatika na kuanza tena, kama mtu anayeruka madimbwi. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Ni wao," aliwanong'oneza wenzake.

"Swali," Bwana Kava alimnong'oneza naye.

Mawimbi akaiweka simu mdomoni. "Redio ikipona, ulikuwa unasema nini?"

"Redio gani, baba?"

"Kama wewe ni mwanangu, utajua."

Kikohozi kikasikika. "Baba, sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Nisikilize kwanza, kesho naingia..."

"Kaibe kwingine, mwizi we," Mawimbi alisema, akakata.

Simu ikalia tena. Bwana Kava akaichukua, akamwonyesha mahali pa kuizuia namba ile isipige tena, na Mawimbi akapabonyeza mwenyewe. Kisha akaipigia namba ya binti anayoijua. Haikupatikana. Naye akasema, mnaona, wamemwibia na simu. Akamtumia ujumbe kwenye namba ile ile iliyokufa, kumwonya ajihadhari.

Hadi jioni habari ilikuwa imezunguka mtaa. Mzee Mawimbi kaikamata mashine kwa sikio. Fundi cherehani aliisimulia kwa kila aliyeleta nguo, na kila alipoisimulia iliongezeka urefu. Watu wakaanza kuja, wakubwa kwa wadogo, hata wateja wa Bwana Kava wakainua vichwa. Wakakaa kwenye benchi. Mmoja akamletea redio ya marehemu babu yake, akakaa kuisubiri. Wakabishana kama simu inayokunjwa katikati itadumu, kama ni busara kuweka picha za watoto mtandaoni, kama kamera za barabarani zinakamata wezi au zinawatazama tu.

"Tusimulie tena, mzee. Ulijuaje?"

"Pumzi," Mawimbi alisema. "Haikuwa na pumzi."

Siku zile alikunywa chai dukani, asiende nyuma kwenye chumba chake hadi giza linaingia. Ilikuwa kama mkewe yupo uani anapanga vikombe.

Jumapili ikaja, binti hakupiga. Ujumbe haukuja. Mawimbi aliiegemeza simu kwenye kopo la bisibisi, akaitazama hadi kioo kikazima. Akakigusa, kikawaka, kikazima. Jumapili ya pili vivyo hivyo.

Ndipo siku moja ya kazi, benchi limejaa, sauti ikaita kutoka mlango wa uani, ule wa chumbani kwake: "Hodi humu ndani."

Aliijua kabla hajainuka. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mwanamke asiyetembea njia yote ile bila sababu. Akamkuta ameshaketi kwenye kigoda, mkoba mapajani.

"Karibu, shemeji. Habari za huko?"

"Nzuri tutazitafuta baadaye. Shemeji, mtoto alikupigia, ukamwita mwizi?"

Mawimbi akasimama mlangoni. Nyuma yake benchi lilikuwa linacheka jambo fulani.

"Haikuwa yeye. Ilikuwa mashine. Nilimuuliza swali, hakulijua."

"Alikuwa na uvimbe kooni. Huo mtandio ulidhani ni wa nini? Walimwambia wakimpasua anaweza kupona, lakini sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Alificha, hakutaka uhangaike peke yako huku. Siku moja kabla ya kupasuliwa akaazima simu. Akasema, nataka baba anisikie kwa sauti yangu, maana yeye ni mtu wa sauti." Shemeji akakunja mkono wa mkoba, akaukunjua. "Ulipokata, ndipo akanipigia mimi. Tukalia wote. Nilidhani mtayamaliza."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Amekatazwa kusema. Akiruhusiwa atakupigia, kama anataka."

"Na sauti?"

Shemeji akauinua mkoba wake. "Kaniandikia kuwa haitarudi ilivyokuwa, shemeji."

Hakukaa kunywa chai. Alipoondoka, Mawimbi alibaki chumbani. Alijaribu kuikumbuka simu ile neno kwa neno, na alichokipata ni mikwaruzo na mashimo tu. Mashimo aliyoyasikia yalikuwa ya kweli. Sikio halikumdanganya. Lilimwambia kilichoharibika, yeye ndiye aliyesema ni wezi. Fundi wa miaka yote ile, ameletewa chombo kinaomba kusikilizwa, akakitupa nje kwa kuwa kinakwaruza.

Alirudi dukani, akampa Bwana Kava simu. "Ile namba. Ifungulie."

"Namba ya wezi, mzee?"

"Ifungulie."

Bwana Kava akamtazama usoni, akaifungulia, asiulize zaidi. Mtu mmoja mgeni kwenye benchi akasema, mzee, hebu nasi tusikie, ulijuaje ni mashine?

"Nimesahau," Mawimbi alisema.

Wakangoja, wakamwuliza kwa namna nyingine, akawa anatafuta bisibisi isiyopotea. Hadithi isiyosimuliwa haina wasikilizaji. Benchi likapungua siku kwa siku. Mwenye redio ya babu akaichukua, ikiwa imepona, na hakuna aliyekaa kuisikiliza. Fundi cherehani aliendelea kuja, lakini alikaa akivichezea vifungo vya mfuko wa simu.

Alasiri moja ambayo haikuwa Jumapili, simu ikalia. Namba ngeni, si ile ya kwanza. Mawimbi akapokea kabla mlio haujaisha.

"Baba."

Hakuijua. Alilitega sikio lote, kama alivyolitega maisha yake yote, na sikio likamwambia waziwazi: huyu simjui. Sauti ilikuwa nyembamba, imepauka, kama spika iliyochanika karatasi. Sasa pumzi ilikuwa tele, inavuja kila upande. Sauti ndiyo haikuwepo.

"Karibu, mwanangu," alisema.

"Huniulizi swali?"

"Sina swali."

"Lile la redio. Nimeliwaza siku zote nimelala hospitali. Sikulipata. Nilikuwa nasema nini?"

Mawimbi aliitazama kona. Palikuwa na maboksi ya chaja ya Bwana Kava.

"Ulikuwa unakaa kwenye kreti. Redio ikianza kusema, unasema, 'Kameamka.'"

Alisikiliza. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, inakwenda, inarudi.

"Sikumbuki, baba," binti alisema. "Ningependa kukumbuka. Sikumbuki kabisa."

"Si kitu. Tuliokusikia tulikuwa wengi, lakini wengi wamekufa."

"Baba, daktari hataki niseme sana."

"Basi usiseme. Usikate lakini."

Hakukata. Fundi cherehani akainuka polepole, akaenda zake kwenye mashine yake, wala hakuikanyaga. Redio ya Mawimbi ilikuwa inasoma habari, mtu fulani mahali fulani ametengeneza kifaa kipya. Mawimbi akanyoosha mkono akaizima, duka likawa kimya kuliko lilivyowahi kuwa mchana, akaibana simu sikioni asikose hata pumzi moja.