Mama Shawqi anashona mifarishi, mbwa koko wanapata daktari

Saa tatu asubuhi, jua la kijiji cha Shabramant bado halijakasirika. Atiyat Abdel-Shafi amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, sindano ndefu mkononi. Mbele yake umetandazwa mfarishi mnene wa pamba, ambao kabla ya Alhamisi lazima uwe kwenye kitanda cha bi harusi.

Ng'ambo ya uzio wa waya, sauti nzito ya mwanamume inamwamrisha mbwa.

"Kaa, bwana pasha. Kaa. Nimesema kaa, sijasema fikiria."

Atiyat anacheka bila kuinua kichwa. "Kapteni, unajisumbua. Huyo kaokotwa mtaa wa Imbaba. Watu wa Imbaba hawakai mpaka waambiwe sababu."

"Wewe shona, Mama Shawqi," anajibiwa. "Mshahara wangu uko kwenye sindano yako."

Ni mzaha, lakini una ukweli wake. Katika makazi haya ya mbwa waliookolewa barabarani, sehemu kubwa ya pesa za upasuaji, dawa na mafunzo hutoka kwenye mifarishi na magodoro ya mjane huyu wa miaka hamsini na minne. Bado ndiye mpishi wa hapa pia. Kila siku hupika sufuria mbili kubwa za wali na mifupa ya kuku, kisha ndipo anashika sindano.

Mwenyewe anasema hakuzaliwa akipenda mbwa.

"Nilikuwa nikimwona mbwa navuka barabara," anasimulia. "Nilikuja hapa kwa sababu mume wangu Metwalli alikuwa amefariki na walitaka mpishi. Sikuuliza nampikia nani. Nilipofika wakaniambia, wateja wako ndio hawa."

Aliyembadilisha ni mbwa mmoja wa uchochoro wao, mweusi, mwenye mabaka mekundu masikioni. Watoto walimwita Filfil, yaani pilipili. Hakuwa wa mtu. Kila asubuhi alimsindikiza Atiyat mpaka barabara kuu, akingoja apande gari, ndipo akarudi.

"Sikuwahi kumwita. Alijipa kazi mwenyewe."

Majira ya baridi mwaka juzi, pikapu iliyobeba miwa ilimgonga Filfil mbele ya macho yake na haikusimama. Atiyat alimfunga kwa shela lake, akasimamisha bajaji.

"Mbwa hapandi hapa," dereva akasema.

"Basi mchukulie kama mbuzi."

"Mbuzi gani analia hivyo, mama?"

"Mbuzi mgonjwa. Endesha, nitakulipa nauli ya watu wawili."

Dereva aliendesha mpaka makazini. Nauli aliyochukua ilikuwa ya mtu mmoja.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika vibaya. Daktari wa mifugo Sherihan Lutfi, ambaye ndiye msimamizi wa makazi, aliufunga kwa kadiri alivyoweza, kwa kuwa upasuaji wenyewe ulihitaji vyuma na hospitali yenye vifaa. Gharama yake ilikuwa pauni elfu kumi na nane, karibu mshahara wa miezi minne wa Atiyat. Bei ya chakula cha mbwa ilikuwa imepanda, na wafadhili wengi walikuwa wamenyamaza.

Mguu ukaunga upande. Filfil, aliyekuwa akisindikiza watu, akaanza kuwauma. Alimjeruhi mfanyakazi mmoja mkono, wiki iliyofuata akamrarua mwingine suruali.

Dakta Sherihan hafichi kwamba alifikia ukingoni. "Nina mbwa zaidi ya mia. Mbwa anayeuma siwezi kumtoa kwa mtu, na nikimweka, anamuumiza mtu mwingine. Nilimwambia Mama Shawqi kwamba baridi ikiisha na hali ni ile ile, nitamdunga sindano ya mwisho. Nilimwambia pia ukweli: huyu mbwa hana ubaya, ana maumivu. Akitengenezwa mguu, halafu akafundishwa upya kumwamini mtu, atapona. Lakini pesa sikuwa nazo."

"Nikizileta mimi?" Atiyat akauliza.

"Utazitoa wapi?"

"Hilo niachie."

Anakiri sasa kwamba alipotamka hivyo hakuwa na hata wazo.

Wazo la kwanza lilikuwa fatiri, ule mkate wa tabaka tabaka unaokandwa kwa samli. Alizioka nyumbani, akazipeleka soko la Alhamisi. Watu walipomuuliza, aliwaambia bila kuficha kwamba faida ni ya kumtibu mbwa.

Ndipo Hajjati Bahiya, muuza viungo mwenye ghala kubwa na mdomo mkubwa zaidi, akasimama mlangoni kwake.

"Jamani, mnasikia? Mikono inayokoroga chungu cha mbwa ndiyo iliyokanda unga huu. Kuleni basi, na mkimaliza mbweke."

Soko zima lilicheka. Mwanamke aliyekuwa tayari ameshika fatiri akairudisha polepole, kama aliyeokota kitu chenye mwenyewe.

"Sikulia pale," anasema Atiyat. "Nilikunja meza yangu, nikasema asante, nikaondoka. Nililia nilipofika darajani, mahali ambapo hakuna anayenunua kwangu wala asiyenunua."

Fatiri hazikupotea. Wafanyakazi wa makazi walizila asubuhi na jioni hadi mmoja wao akaomba kwa heshima aonjeshwe japo maharage.

Aliyemwinua ni wifi yake, Insaf, dada wa marehemu Metwalli. Metwalli alikuwa fundi magodoro, na uta wake wa kupigia pamba mpaka ilainike ulikuwa bado umelazwa juu ya kabati.

"Kaka yangu aliacha uta, hakuacha pambo la ukuta," Insaf alimwambia. "Miaka ishirini umemshikia uzi. Leo unajifanya hujui?"

"Ile ni kazi ya wanaume, wifi."

"Uta unajua? Umeuuliza?"

Walianza kwenye paa la nyumba ya Insaf. Kupiga pamba kwa uta kunataka mkono, na kifundo cha mkono wa Atiyat kilivimba mpaka akashindwa kufunga ushungi wake. Alikikanda kwa maji ya moto, akaendelea. Mifarishi mitatu ya kwanza ilikuwa na vinundu kama gunia la viazi. Wa nne ulikaa sawa.

Insaf alikuwa na sharti moja. "Safari hii usiseme ni ya mbwa."

"Kwenye fatiri sikuficha, hapa pia sifichi. Mtu akija kujua baadaye, atasema nimemuuzia uongo."

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa bi harusi kutoka Abusir. Alisikiliza habari ya Filfil mpaka mwisho, akaubonyeza mfarishi kwa ngumi, akaubonyeza tena. "Mie nanunua pamba," akasema. "Faida yako mpe umpendaye." Kisha akaagiza mwingine wa mtoto wake wa pili. Msimu wa harusi kabla ya Ramadhani ulikuwa umekaribia, na wanawake huelezana. Mchana Atiyat alipika, alasiri akapiga pamba. Mfarishi mmoja ulimwachia faida ya pauni mia sita, na wateja wengine, wakishasikia, waliongeza chochote juu yake.

Baridi haikuwa imeisha alipoweka bahasha ya pesa mezani kwa daktari.

Siku ya upasuaji alikaa ukumbini mwa hospitali tangu asubuhi, akiwa na tasbihi na kitunguu cha kunusa, maana harufu ya dawa humtia kizunguzungu. Dakta Sherihan alipotoka, barakoa ikiwa bado shingoni, alisema maneno machache tu: "Mguu umebaki, Mama Shawqi. Na mwenye mguu pia."

"Nilikuwa nimekaa sakafuni," anakumbuka. "Nilicheka peke yangu pale chini. Mlinzi akadhani nimefiwa."

Yalibaki mafunzo, na hapo ndipo alipoingia Kapteni Wagih Sedrak, mstaafu wa kikosi cha mbwa cha polisi. Alikubali kulipwa nusu, kwa sharti kwamba mpishi asionekane.

"Wewe ndiwe ugonjwa wake wa pili," alimwambia Atiyat. "Mguu umepona, sasa anakuamini wewe peke yako. Dunia ina watu wengine."

Kwa wiki nyingi Filfil hakuruhusu mwanamume amguse shingo. Kapteni hakumlazimisha. Alikaa tu uwanjani akisoma gazeti kwa sauti, kurasa za michezo hasa, na kipande cha ini mfukoni. Asubuhi moja mbwa alikuja mwenyewe akalaza kichwa juu ya kiatu chake. Kapteni aliendelea kusoma mpaka mwisho wa habari, kisha akaita jikoni, "Mama Shawqi, njoo uangalie, lakini usiseme kitu."

Atiyat alikuja. Mwiko wa wali ulikuwa bado mkononi.

Kiangazi kilichofuata, gari lilisimama mlangoni, akateremka Hajjati Bahiya. Ghala lake la viungo lilikuwa limevunjwa mara mbili.

"Sikuja kuomba radhi," alianza. "Nimekuja kutafuta mbwa. Nasikia wa kwenu wana adabu."

"Wana adabu," Atiyat akajibu. "Hawamcheki mtu sokoni."

Hajjati alitazama upande wa mbwa. "Hilo nililistahili. Haya, nionyeshe."

Kapteni hakumkabidhi mbwa siku ile. Alimtaka aje kila asubuhi ajifunze maagizo, na atoe mchango wa matibabu ya wengine. Siku za mwanzo alivaa glavu za jikoni. Siku ya tano alizisahau nyumbani, Filfil akamnusa kiganja, akakaa bila kuambiwa. Ijumaa hiyo walitoka pamoja, Hajjati mbele, mbwa mweusi nyuma yake, akikanyaga miguu yote minne.

"Na mfarishi je, Hajjati?" Atiyat alimwita.

"Tusiharakishe mambo, Mama Shawqi."

Tangu hapo ghala halijaguswa. Atiyat hupita huko akitoka kazini. Filfil humsindikiza mpaka kona ya soko, kisha hurudi kwenye lindo lake.

"Mwanzoni niliumia kidogo kwamba anarudi," anasema. "Sasa nashukuru. Nilikuwa silali nikiwaza ile sindano. Siku hizi nikiweka kichwa nalala, hata jogoo wa Insaf simsikii."

Mbwa kumi na mmoja wametibiwa na kufundishwa kwa pesa za pamba, na saba kati yao wamepata watu wa kuwafuga. Mpango wake ni kukodi, kabla ya baridi ijayo, chumba kimoja karibu na barabara, yeye na Insaf washone humo na kuwafundisha wanawake wawili watatu, ili mbwa anayeletwa akivuja damu asisubiri msimu wa harusi.

Wapo wanaomwambia kwamba amewapandisha mbwa kuliko watu. Hakasiriki. Anauvuta uzi, anaukata kwa meno, anafikiri kwanza.

"Sitaki wapewe kiti," anasema. "Nataka tu mwenye maumivu asihukumiwe kama mkorofi kabla hajatazamwa mguu."