Jina la Nyanya, Kichwa Changu

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kuchuma kahawa, kwetu juu ya Runyenjes, baba aliponiambia nisijisumbue na habari ya sare. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, nafasi ya sekondari nimepata, na wenzangu wote nimeshawaringia. "Mama," akasema, "wewe utabaki unisaidie hapa nyumbani."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Igoki. Kwetu Embu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na watu wetu, mwanangu, hupenda kuamini kwamba jina haliji peke yake. Huja na tabia, na mwendo, hata na kichwa. Mdogo wangu alibeba jina la babu mzaa mama, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Kwa hiyo yeye akikosa hesabu, watu walisema amechoka tu. Mimi nikikosa, watu walitazamana: Igoki ni Igoki. Nyanya hakujua kusoma hata jina lake, basi mambo yangu yakawa yameamuliwa kabla sijaota meno.

Baba hakuwa mtu mbaya. Nadhani aliona ananiepusha na aibu ya kushindwa. Leo simlaumu sana. Siku ile nilimchukia kabisa.

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakupandisha sauti.

"Ati huyu msichana atashindwa kama nani?"

"Mama, si kukutukana. Lakini shule ni ngumu, na yeye amekufuata wewe."

"Mimi nilishindwa shule gani?" Baba akainua kikombe chake cha chai. "Nitajie hiyo shule, Nyaga. Mwalimu wangu alikuwa nani? Mimi sikushindwa. Mimi sikupelekwa. Ndugu zangu walienda, mimi nikaachwa na mbuzi. Huyu jina nilimpa. Hizo mbuzi sikumpa."

Baba alikunywa chai yake ikaisha, akaenda shambani. Jumamosi akanipeleka sokoni kwa fundi nikapimwe sare.

Siku ya kuripoti shuleni, nyanya alishikilia kwamba ni yeye atakayenisindikiza. Darasa tulilikuta tupu. Akaketi kwenye dawati la mbele, akaweka mikono juu yake, akatazama ubao ambao haukuwa na kitu.

"Kwa hivyo hapa ndio mtu hukaa?"

"Ndiyo, cucu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu.

Akakaa kidogo, akainuka, akapangusa dawati kwa leso yake kana kwamba amelichafua. Mimi nililia. Yeye hakulia.

Usidhani nilikuja kuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa wa katikati, na kemia ilinitesa vibaya mno. Lakini hiyo kemia niliishindwa mimi mwenyewe, nikiwa darasani.

Siku hizi mnasoma kwenye simu kwamba akili ya mtoto hutoka kwa mama, kesho mnasoma kwamba hutoka kwa baba. Huenda kuna ukweli; mimi si daktari. Nimeishi nikaona nyumba za walimu na nyumba za wasiosoma, na watoto wa kila namna wakitoka kotekote. Ninachokushauri ni hiki. Mtu ambaye hakusoma hajapimwa bado, kwa hiyo usimtumie kumpimia mtoto. Na wewe uliyesoma, usimdai mtoto alama zako, hakuzikopa. Mpeleke, mwache akae mbele ya mwalimu, kisha ndipo utajua umezaa nani. Hata hapo, usiharakishe kusema umejua.

Mungu akulindie watoto walio mgongoni na walio njiani. Wakupite, na wakikupita usiwaonee wivu. Awape wote nafasi ya kujaribu, na wakishindwa, mwanangu, wawe wameshindwa wao wenyewe.