Makapi kwa Wageni wa Mkoa

Nimelipiza kisasi mara moja tu maishani mwangu, na nilikipanga kwa akili ile ile niliyotumia kutengeneza mashine. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nitajutia mwishoni. Nimejaribu kujuta. Haikuwezekana.

Mambo yalianzia kwenye jicho la mama mkwe wangu. Tulikuwa tunapepeta ngano uani kwetu Mbulumbulu, mwezi wa nane, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Upepo wa siku hiyo ulikuwa wa kuvizia. Ulitulia mpaka mikono ikachoka kunyanyua ungo, kisha ukaja ghafla kutoka upande tusioutegemea na kumrudishia mama makapi yote usoni. Mwiba mmoja wa shuke ukamwingia jichoni. Tukamwosha kwa maji, jirani aliyekuwa ananyonyesha akamdondoshea maziwa, na siku ya tatu tukapata lori la mbao likamfikisha hospitali. Daktari alisema tumechelewa. Mama alirudi na jicho moja, na kesho yake akachukua ungo akaendelea kupepeta, maana nyati walikuwa wanashuka kutoka msituni na ngano haikuweza kungoja.

Nilimtazama pale nikaukasirikia upepo. Najua ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiuliza kwa nini watu wazima wenye mikono na akili tunakaa kuusubiri upepo kama mkwe aliyeahidi kuja na mahari.

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa Oldeani, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Baiskeli yake ilikuwa imening'inizwa ukutani, tairi zimeisha kabisa. Siku zile tairi ulizisikia kwenye hotuba tu, dukani hazikuwepo. Niliishusha nikaipindua miguu juu, nikazungusha pedali kwa mkono. Gurudumu la nyuma lilipozunguka, nilihisi kijiupepo kikinigusa mkononi. Hapo ndipo nilipoanza.

Nilikata bati la debe la mafuta vipande sita nikavifunga kwa waya kwenye spoki. Mara ya kwanza kimoja kiliruka kikakata kamba ya kuanikia nguo. Mara ya pili havikuruka, lakini havikutoa upepo wowote, mpaka nilipovipinda kidogo, kila kimoja upande uleule. Nikaisimamisha tena baiskeli juu ya magogo, gurudumu la nyuma lisiguse chini, nikavunja mlango wa banda la mbuzi, nikatengeneza sanduku la kulifunika gurudumu, likiwa wazi upande mmoja upepo utokee. Juu nikaweka kipande cha debe chenye tundu, nafaka idondoke mbele ya upepo. Iliyo nzito ianguke kwenye gunia, makapi yaende zake.

Maharage yalikubali mara moja. Ngano ilikataa. Upepo uliosafisha maharage uliipeperusha ngano yote pamoja na makapi, na ukipunguza kasi ya miguu, makapi yanabaki. Nilihangaika na jambo hilo wiki nne. Mama mkwe alikuwa akikaa kwenye kigoda ananitazama kwa jicho lake moja. Siku moja nikiwa nafunga dirisha la jikoni moshi usirudi ndani, nikaona jinsi ubao unavyoukata upepo. Nikaenda kuchonga kibao chembamba, nikakitia mbele ya gurudumu ndani ya sanduku, kikipanda na kushuka. Kikipanda, upepo wote unatoka, hiyo ni ya maharage. Kikishuka mpaka alama niliyoikwaruza kwa kisu, upepo unapungua, hiyo ni ya ngano. Kibao hicho ndicho kilikuwa mashine. Mengine yote yalikuwa baiskeli na bati.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi, aliizunguka mara mbili.

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Naiona. Nauliza iko wapi."

Nikamwambia akae kwenye tandiko akanyage. Mama akamimina ngano juu. Ngano ikaanguka safi kwenye gunia, makapi yakatoka upande wa pili mbali na macho ya watu. Mume wangu aliongeza kasi tu.

Msimu ule na uliofuata wanawake wa jirani walileta nafaka zao kwetu. Tulipokezana kukanyaga, tukiimba, upepo uwepo usiwepo. Ndipo bwana shamba wetu akasikia.

Alikuwa kijana mtanashati, mwenye daftari mfukoni na kalamu mbili. Alikuja akaniamkia kwa heshima, akauliza maswali, akapima mashine kwa futi kamba. Nilimjibu yote aliyouliza. Kuhusu kibao hakuuliza, na mimi wakati ule sikuwa na sababu ya kuficha. Nilidhani ameona.

"Mama," akaniambia, "hii tuipeleke Arusha kwenye maonyesho ya wakulima. Jina la kijiji litatoka."

"Na mimi nije?"

"Nafasi kwenye gari ni ndogo. Lakini nitakutaja."

Tulikuwa mwezi wa saba, maharage yameshatoka shambani. Nilimwekea kibao juu kabisa, nikafungasha mashine kwa magunia kama ninavyofungasha mtoto.

Alirudi baada ya wiki mbili, na sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa napalilia karibu na njia alipopita juu ya baiskeli mpya, karatasi za kiwandani bado zimezungushwa kwenye fremu. Ilikuwa zawadi ya mbunifu bora. Alipiga kengele kunisalimia. Jirani mmoja aliyekuwa Arusha siku hizo alinieleza kilichosemwa kwenye kipaza sauti: kwamba bwana shamba amebuni mashine baada ya kuumizwa na taabu za akina mama wa kijiji chake, na kwamba akina mama wenyewe walimsaidia kushika mbao.

Kushika mbao. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Mume wangu alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Oldeani, na hata tairi zikipatikana hakuwa tena na baiskeli kwa sababu ya mashine ile, naye yule kijana anapita mlangoni kwetu kila asubuhi akipiga kengele. Nilikwenda ofisi ya kijiji kuomba angalau mashine irudishwe nyumbani. Katibu akanijibu bila kuinua macho kwamba sasa ni mali ya kijiji, ipo ghalani, na nisilete ubinafsi.

Haukupita mwezi likaja tangazo. Wageni kutoka mkoani wangekuja kuiona mashine ikifanya kazi. Wakiridhika, mafundi wangetengenezewa michoro na mashine zingeenda vijiji vingi. Bwana shamba alikuja kwetu mwenyewe, baiskeli kaiegemeza kwenye ua.

"Mama, nakuomba usimamie mapokezi. Chai, viti, vitambaa. Wewe una mkono mzuri."

Nilimtazama nikaona hana hata chembe ya aibu. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi kama ilivyofanya wakati wa mashine, taratibu, kipande baada ya kipande.

"Nitasimamia," nikamjibu. "Utawaonyesha nini, maharage?"

"Kama Arusha."

"Maharage kila mtu anayo. Sisi hapa ni watu wa ngano, na ngano ndiyo imevunwa sasa. Wageni wa mkoa unawaonyesha maharage?"

Alifikiri kidogo, akacheka. "Kweli, mama. Ngano."

Sikuigusa mashine. Nataka hilo lieleweke. Sikukata waya, sikulegeza kitu. Kibao kilikuwa juu kabisa, pale pale nilipokiweka kwa mkono wangu kwa ajili ya Arusha, na sikumwambia. Nilichofanya ni kupanga viti. Nilivipanga mbele ya ghala, nikavifunika kwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, vikitazamana na mdomo wa lile sanduku, hatua nne hivi. Bwana shamba alipita akaviona akasema vimekaa vizuri, wageni wataona kila kitu.

Wageni walikuwa watano, mmoja mkubwa wao, mwanamume mnene mwenye miwani. Walikaa, nikawamiminia chai. Kijiji kizima kilisimama nyuma. Bwana shamba, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, alitoa maelezo marefu kisha akapanda kwenye tandiko na kuanza kukanyaga kwa nguvu zake zote. Mtu akamimina debe la ngano.

Ikatoka yote, ngano, makapi, vumbi na miiba, ikawaingia wageni kwenye vikombe, kwenye nywele na kwenye shingo za mashati. Yule mkubwa alisimama akivua miwani. Bwana shamba, kwa kuwa alikuwa ameinamia pedali, hakuona, akazidi kukanyaga mpaka mtu alipomshika bega.

"Mbona inatupa ngano?" mgeni mkubwa akauliza.

"Ni upepo wa leo, mheshimiwa."

"Si ndiyo mashine ya kutotegemea upepo?" Akasogea, akachungulia ndani ya sanduku. "Na hiki kibao ni cha nini?"

Bwana shamba alikitazama kama anakiona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. "Cha kuzuia panya," akasema.

Wanawake waliangua kicheko. Walikuwa wamekishusha na kukipandisha kile kibao misimu miwili. Kisha wakanyamaza, wote wakanigeukia mimi niliyesimama na birika. Bwana shamba naye akageuka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali, nisaidie."

Ilikuwa kazi ya kushusha kibao vidole vitatu. Ningeweza kufanya hivyo bila hata kuweka birika chini.

"Mimi nilishika mbao tu, bwana shamba," nikamwambia. Sikusema kwa sauti kubwa, lakini wageni walisikia. Yule mwenye miwani alinitazama kwa muda, nikadhani ataniuliza. Angeniuliza ningemjibu. Hakuuliza. Alijipangusa shingo, akatazama saa, wakapanda Landrova wakaondoka kuelekea Karatu.

Furaha niliyoipata jioni ile sijapata kuipata tena, hata kwenye harusi za wanangu. Nilipika ugali nikala sana. Mama mkwe hakula. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na aliposema alisema kwa Kiiraqw, lugha aliyoitumia kwa mambo mazito.

"Yule umemlipa. Na wale wanawake wa vijiji vingine, wenye macho mawili bado, umewalipa nini?"

Nilimwambia wale wageni wangeniuliza, ningewaonyesha jinsi ya kushusha kibao. Akaniambia chakula kinapoa.

Wale wageni hawakurudi. Mashine ilibaki ghalani mpaka kutu ikala bati. Bwana shamba alihamishiwa Loliondo, kwa wafugaji, mahali ambapo hakuna mtu anayepanda ngano, na aliondoka na baiskeli yake juu ya lori. Nilitengeneza mashine nyingine kwa gurudumu la cherehani mbovu, baadaye nyingine mbili kwa majirani, na niliwafundisha wote habari ya kibao. Hazikuvuka bonde letu. Mara nyingine nikisikia mtu wa mbali amechomwa jicho kwa mwiba wa ngano, nanyamaza.

Nilimwona bwana shamba mara moja tena, miaka kadhaa baadaye, siku ya mnada Karatu. Alikuwa amenenepa. Alinitambua, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Siku ile," akasema, "ungesema neno moja tu, mambo yangekuwa mengine."

"Na wewe Arusha ulikuwa na kipaza sauti," nikamjibu.

Alitikisa kichwa, akasema ni kweli, alikuwa mdogo. Nadhani alikuwa ananiomba msamaha. Kanisani kwetu wanafundisha kusamehe, nami Jumapili huwa namsamehe kabisa, kwa moyo mweupe. Kufikia Jumanne namkumbuka akiwa juu ya tandiko, anakanyaga, hajui kinachotokea mbele yake, na najikuta natabasamu peke yangu shambani. Nilimwambia namtakia heri, nikaenda upande wa mbuzi, maana siku hiyo nilikuja kununua beberu.