Samaki wa Chumvi wa Kinyozi Nunzio

Kwa miaka arobaini na minne Nunzio Calabretta alinyoa vichwa vya wanaume wa Federal Hill, mtaa wa Waitaliano pale Providence, Marekani, na miaka yote hiyo aliwafundisha kupika. Mteja akishafungwa shuka shingoni hana pa kukimbilia, na Nunzio alilijua hilo.

"Mchuzi wa nyanya ukishika chini," angesema huku mkasi ukilia sikioni mwa mtu, "usikoroge! Usikwangue! Wa juu uhamishie sufuria nyingine, wa chini uache na dhambi zake."

Wanaume walikwenda nyumbani, wakawaambia wake zao, wake wakajaribu na kukuta ni kweli. Sifa za Nunzio zikafika mpaka kanisani.

Kasoro ilikuwa moja tu: Nunzio hakuwahi kupika hata yai. Yote aliyoyasema aliyasikia kwa mkewe Ersilia, yeye akiwa amekaa mezani na gazeti, akingoja kupakuliwa. Mwanzoni alisema, "Mke wangu hufanya hivi." Baadaye akasema, "Sisi hufanya hivi." Kisha mwaka mmoja, haukumbuki ni upi, "sisi" ikawa "mimi." Ukimuuliza leo atakwambia hakuiba. Neno liliteleza, naye akaona uvivu kuinama kuliokota.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Ersilia alianguka kwenye barafu mbele ya duka la mikate, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Habari zilimkuta kaka yake, Duilio, muuza matairi, akiwa kwenye kiti cha Nunzio na povu la sabuni mashavuni.

"Namhurumia dada yangu," Duilio alisema, "ila tumbo langu linashangilia. Shemeji, mkesha wa Krismasi mwaka huu tutakula mkono wa fundi mwenyewe!"

Waliokuwa wakingoja zamu wakapiga makofi. Hapo Nunzio angeweza kusema ukweli. Alifungua kinywa akiwa amekusudia kabisa kuusema, na kilichotoka ni, "Njooni saa kumi na moja jioni. Na mchana msile."

Nyumbani, Ersilia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia utapika wewe?"

"Nimewaambia tutapika."

"Sisi?"

"Sisi."

"Mimi mkono wangu uko likizo," alisema Ersilia, akaegemea kiti. "Haya, bwana mpishi, jiko lile pale. Ukikwama uniulize."

"Niulize nini? Mtaa mzima nimeufundisha mimi."

Habari za ufundi wa mumewe Ersilia alikuwa anazipata kwa Pina, mke wa Duilio, kila Jumapili baada ya misa, mwaka wa ishirini sasa. Alikuwa anangoja tu.

Chakula kikuu cha mkesha ule ni bakala, samaki wa chumvi mkavu kama ubao, ambaye lazima alowekwe siku tatu, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni. Hili Nunzio alilijua kuliko sala zake. Alilihubiri kila Desemba. Akamlaza samaki kwenye beseni, akalishusha beseni chumba cha chini ya nyumba, kwenye baridi, akapanda juu akijipongeza.

Ila ngazi za kushukia kule zilikuwa kumi na nne, na goti lake la kushoto lilizihesabu moja moja. Jioni ya kwanza alishuka. Asubuhi iliyofuata alisimama juu, akalitazama giza la chini, akajiambia maji ni maji na samaki ni samaki, wataelewana wenyewe. Kazini aliwaambia wateja, "Nimetoka kubadilisha maji sasa hivi." Alisema hivyo siku zote tatu, na kwa sauti yenye imani kiasi kwamba yeye mwenyewe nusura aamini.

Siku yenyewe alifunga aproni ya mkewe. Kamba hazikufika nyuma, akazifunga kwa pini ya shuka la kinyozi. Akapika mchuzi wa nyanya na zeituni, akaonja, akaona umepooza, akatia chumvi. Ndipo akamtumbukiza samaki. Baada ya hapo hakuonja tena, maana kichwani mwake kazi ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni kusifiwa.

Wageni walipoketi mezani, Duilio alitafuna mara mbili, akaacha kutafuna. Pina alinywa glasi nzima ya maji bila kupumua. Nunzio akawaona, akaonja chake, na ulimi ukajikunja kama uliopigwa kofi.

"Shemeji," Duilio alisema taratibu, "bahari umeileta nzima, au umetubakizia kidogo huko?"

"Siku hizi samaki wanatiwa chumvi nyingi," Nunzio alianza, "mambo ya viwandani..." Akamtazama mkewe. Ersilia alikuwa anafuta mdomo kwa mkono wa kushoto, uso umetulia kama wa mtu aliye kwenye misa. Nunzio akaweka uma chini.

"Nimebadilisha maji mara moja," alisema. "Na sijawahi kupika. Yote niliyowaambia ni ya huyu hapa. Mimi nimepika leo tu, na mmeona."

Pina aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Ersilia! Kakiri mwenyewe! Miaka ishirini!"

"Nimesikia," alisema Ersilia, akainuka. "Nunzio, leta hiyo sufuria. Wengine njooni muone."

Wote wakajaa jikoni. Ersilia aliamuru, Nunzio akatenda. Alimtoa samaki kwenye mchuzi, akamwosha, akamchemsha kwenye maji matupu, akayamwaga, akamchemsha tena. Spageti ikachemka bila hata punje ya chumvi. Kitunguu saumu kikaingia kwenye mafuta ya zeituni.

"Toa motoni!" Ersilia alifoka. "Usingoje kiwe kahawia!"

"Lakini bado..."

"Wewe umepika miaka mingapi?"

"Saa mbili," alisema Nunzio, akatoa.

Samaki akachambuliwa vipande vidogo, akachanganywa na tambi zile, na chumvi yake ikatosha sufuria nzima. Walikula wamesimama wima, kuzunguka jiko. Duilio alirudia mara tatu.

Baada ya sikukuu Nunzio aliwasimulia wateja kisa chote, akianzia na pini ya aproni, kwa kuwa alijua asipoanza yeye Duilio atamtangulia. Wakamcheka mpaka ikawa hatari kuwanyoa. Kisha mmoja akauliza mgonjwa anashinda wapi, na Jumamosi iliyofuata Ersilia akaja, akakaa kiti cha tatu karibu na dirisha, plasta mapajani, akajibu maswali ya wanaume watu wazima kuhusu maharage. Plasta ilipotolewa, hakuona sababu ya kuondoka.

Nunzio siku hizi hupika kila Alhamisi. Wiki jana alikaanga biringani bila kuzikausha, mafuta yakaruka, moto ukamuunguza nyusi moja. Akainyoa na ile nyingine ili zilingane, akafungua duka, akanyoa kama kawaida.