Mkwe Wangu na Taulo la Kutupa

Mkwe wangu hawezi kupita penye nguo iliyoanguka. Ukitaka kumchelewesha, mwangushie shuka mlangoni. Atainama, ataiokota, ataikung'uta, ataikunja pembe kwa pembe, halafu ataipiga kofi moja la mwisho ikae sawa. Hapo ndipo atakapoondoka. Kukunja huko nilimfunza mimi. Alipoolewa alikuja kwangu anakunja nguo kama anafunga mzigo wa kuni, na mimi uchafu siuwezi. Sasa ni dobi wa hoteli, kazini wanamwita Pasi, na mashuka yake ukiyaona utaogopa kuyalalia.

Mumewe ni mwanangu wa kumzaa. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyo, sio kwa kujisifu. Siku aliyoondoka na begi lake alisimama sebuleni kwangu, kiatu kimoja mkononi, akasema, "Huyu mwanamke hajawahi kumaliza kitu alichokianza." Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na ya pili hata damu haijakauka vizuri. Wote tuliokuwepo tulijua anasema nini. Pasi alikwenda kwenye kamba, akachukua shati la mumewe lililokuwa limesahaulika, akalikunja, akampa.

Mimi nikamwambia mwanangu, "Umemaliza? Haya, mlango ule pale."

Pasi akabaki na mimi, yule akaenda zake. Watu wananiambia mama husamehe. Mama wa nani? Mimi sijasamehe, na haraka sina.

Haya mambo ya mashindano yalianza na mgongo. Kupiga pasi ni kusimama kutwa, na mgongo wake ulikuwa unamuuma hadi analala chali sakafuni. Hotelini kwao kuna bwawa la kuogelea, na mlinzi wa bwawa, mtu mrefu mwenye macho ya kutoka nje, wanamwita Chura, alikuwa anawaruhusu madobi waingie alfajiri kabla wageni hawajaamka. Pasi akaingia, maji yakambebea mgongo, akapata nafuu. Chura akamfundisha kuogelea. Angeishia hapo ningemshukuru. Lakini akamtia maneno kwamba kuna mashindano ziwani, watu wanaogelea, wakitoka majini wanapanda baiskeli, wakishuka kwenye baiskeli wanakimbia, yote kwa mkupuo mmoja bila kupumzika. Yana jina lake, refu, siliwezi. Mimi nayaita mambo matatu.

Tulikuwa tunamenya viazi. Akasema, "Mama, nataka kushindana."

"Na nani?"

"Sio na mtu. Nataka tu kumaliza."

Nikaweka kisu chini. Nilijua neno hilo limetoka wapi. "Yaani ukafe maji kwa ajili ya maneno ya mpumbavu?"

"Sitakufa, Mama."

"Basi menya viazi. Asiyekula hafiki popote."

Tabu zilianza mara alipoanza mazoezi. Bwawa la hoteli lina mstari mweusi chini, na yeye alikuwa anaufuata kama anafuata pindo la shuka. Ziwani mstari uko wapi? Siku ya kwanza alizamisha uso, akapiga mikono, akaenda moja kwa moja hadi kwenye matete. Chura alikuwa ufukweni anapiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Dada! Huko ni kwa kambale, unakwenda kumtembelea nani?" Ikabidi amfundishe kunyanyua macho kila baada ya mikono michache, atazame tangi la maji lililo ng'ambo, aliendee hilo.

Baiskeli nayo ilikuwa ya marehemu mume wangu, ile ya kubebea magunia. Fundi baiskeli alipomwona Pasi juu yake alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, huyu anaendesha au amekalia kigoda anaosha vyombo? Magoti yanamgusa kidevu!" Akainua kiti, na maumivu ya magoti aliyokuwa anayanyamazia Pasi yakaisha.

Mbaya zaidi ilikuwa kushuka. Siku moja alishuka kwenye baiskeli getini ili aanze kukimbia, miguu ikagoma. Akaenda hatua kama mlevi, akakaa. Nilidhani amepooza. Nilipiga yowe hadi majirani wakatoka na maji. Kumbe ndivyo ilivyo, miguu iliyozoea kuzunguka inasahau kutembea. Chura akasema aiendeshe kidogo, akimbie kidogo, kila siku, miguu itazoea kubadilishiwa kazi. Ikazoea.

Basi akaingia mashindano ya kwanza. Mimi nilisimama kwenye uzio wa waya, mahali wanapobadilishia. Ni uwanja wenye vyuma virefu, baiskeli zimening'inizwa kama nyama buchani, na kila mtu ana nafasi yake chini amepanga vitu vyake. Pasi akatoka majini, tena katikati ya wenzake, sio nyuma. Moyo wangu ukapanda.

Akafika kwenye baiskeli yake, akaanza kuvaa soksi. Mguu umelowa, soksi mpya! Ikajiviringa, ikakwama kisiginoni, akaivuta mpaka akadondoka. Akainuka. Akajifuta. Halafu, mbele ya macho yangu haya, akalikunja taulo. Akakunja na kofia ya kuogelea, kofia ya mpira. Akageuka, akaona taulo la jirani limetupwa hovyo, akaliokota, akalikunja. Na la yule wa pili.

"Pasi! We Pasi! Acha matambara ya watu!"

Akashtuka, akashika baiskeli, akatoka mbio nayo. Mzee mmoja mwenye filimbi akampulizia. Kumbe hawakubali uguse baiskeli kabla ya kuvaa kofia ngumu na kuifunga kidevuni. Akarudishwa, akaitundika, akafunga kofia, akaanza upya. Wenzake wamekwisha kwenda.

Sasa barabara ile ilikuwa imefungwa kwa ajili yao tu, na saa nne magari yanaruhusiwa. Asiyerudi na baiskeli saa hiyo anatolewa. Pasi alirudishwa na pikapu, amekaa mbele karibu na dereva, kofia bado kichwani, baiskeli ya marehemu nyuma imelala kama maiti.

Hakulia. Alifika nyumbani akafua. Jioni ndipo aliponiambia, ananipa mgongo, "Mama, alisema kweli."

"Nani? Yule? Yule hajasema kweli tangu aache kunyonya. Sikiliza. Maji hayakukushinda. Baiskeli haikukushinda. Umeshindwa na taulo."

Kesho yake nikatoa kigoda changu uani na ndoo ya maji. Baiskeli tukaiegemeza kwenye nguzo ya kamba. Chini tukatandika taulo la kijani, ili siku ile aione nafasi yake kwa mbali. Viatu vimekaa juu yake, midomo wazi. Kofia ngumu imelala kichwa chini kwenye usukani, kamba zake zimening'inia nje. Soksi tumezikunja nusu, zina poda ndani, miguu itelezee. Chura alisema kamba za viatu zinapoteza muda, atie lastiki, avae kama ndala. Lastiki tutapata wapi? Nikachomoa ya sketi yangu ya ndani. Kwa hiyo miezi ile sketi niliishika kwa mkono, na wa kulaumiwa ni Chura.

Namwagia maji, anakimbia kutoka bombani, anakanyaga taulo, anajifuta kwa kona yake huku anavaa, kofia, kifungo, baiskeli, toka. Kona hiyo ya taulo akishajifuta, aiachie. Hapo ndipo penye kazi.

"Tupa!"

Anaiweka.

"Nimesema tupa, sijasema weka!"

Anainama, anaiweka tena, taratibu, na mkono anaubakisha juu yake kidogo. Alikuwa anatupa taulo kama mtu anayemlaza mtoto. Maji yalikuwa yanamchuruzika.

"Tena," nikamwambia.

Jirani, mke wa seremala, alikuwa anachungulia ukutani. "Bibi, ndio unamfundisha mkweo uchafu uzeeni?"

"Namfundisha kuondoka. Wewe endelea kukaa ukutani, hapo umeshahitimu."

Wiki ya mashindano ya pili mwanangu akapiga simu. "Mama, mnanitia aibu. Watu wananiambia mke wangu anakimbia barabarani na kaptura."

"Mke wako yupi?"

"Mama, jamani."

"Mimi hapa nina binti yangu anaendesha baiskeli. Mke wako sijamwona."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile ya utotoni, "Mama, hutanisamehe?"

"Salio lako linaisha," nikamwambia, nikakata.

Siku ikafika. Walipoingia majini, mtu akampiga teke la uso, miwani yake ya maji ikamtoka. Akaogelea macho nusu, analitafuta tangi. Akatoka karibu wa mwisho. Mimi nipo kwenye uzio wangu uleule, nimeshika waya kwa mikono miwili. Anakuja mbio, anahema, analiona taulo la kijani. Na pale njiani, mbele yake kabisa, taulo jeupe la mtu likaporomoka kutoka kwenye chuma, likaanguka.

Pasi akasimama.

Mkono ukaanza kushuka. Niliuona. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikanikimbia, mimi, mimi ambaye sauti yangu inasikika mpaka sokoni. Akalitazama lile taulo kama mtu anayeagana. Halafu akaliruka.

Akafika kwake. Soksi zikateleza. Viatu, lastiki yangu ikavuta vizuri. Kofia, kifungo, nikasikia mlio wake tah! Kona ya taulo mkononi, akajifuta uso, akaitupa. Aliitupa kweli, ikaangukia kwenye tope. Akachukua baiskeli, huyo.

Saa nne ilikuwa inakaribia, na yule mzee wa filimbi alikuwa kashashika kamba ya kufungia njia, anatazama saa yake. Nikamwambia kutoka kwenye uzio, "Baba, hiyo saa yako inakimbilia wapi?" Pasi akatokea kwenye kona, ameinamia usukani wa marehemu, mnyororo unalia kwiki kwiki. Akapita. Mzee akafunga njia nyuma yake.

Akashuka. Miguu ikayumba, mmoja hivi, mwingine hivi. "Itarudi!" nikamwambia. "Nenda tu, itarudi!" Akatundika baiskeli, akaenda mbio, na kofia ngumu bado iko kichwani.

"Kofia! Pasi, kofia!"

Hakusikia. Alikimbia nayo njia nzima, watu wanamcheka, wengine wanampigia makofi. Alifika wakati wanakunja viti. Chura alikuwa amesimama kwenye mstari na chupa ya maji, macho yamemtoka kuliko kawaida, yana unyevu. Pasi akavuka, akanijia, akanishika mabega.

"Mama, nimemaliza?"

"Umemaliza."

"Kabisa?"

"Kabisa. Sasa vua hiyo kofia, watu watadhani umekuja kujenga ghorofa."

Akaishika kichwani, akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikamwacha alie, maana zamu yake ilikuwa imechelewa miaka.

Alipotulia nikaenda kule uwanjani. Mzee wa filimbi akanizuia. "Bibi, hapa hawaingii wasioshindana."

"Nimekuja kuchukua nguo za mwanangu. Nipishe."

Akanipisha. Taulo la kijani lilikuwa palepale kwenye tope, limejikunyata. Nikainama, na magoti yangu sio ya kuinamia siku hizi, nikaliokota, nikalikung'uta. Pasi akaja nyuma yangu anachechemea.

"Acha, Mama, nitakunja mwenyewe."

"Kaa."

"Mama, lina tope."

"Nimesema kaa."

Akakaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akanitazama. Nikalikunja hivyohivyo na tope lake, pembe kwa pembe, nikaliweka mapajani mwake, nikalipiga kofi moja la mwisho likae sawa.